Noeli ni Majira ya Kupanda

Tumo tena katika siku za Majilio, na kila nyumba ya Kikristu imekwisha kuanza kuhesabu. Baba ahesabu fedha za nguo za watoto, mama ahesabu kilo za mchele na za nyama, vijana wahesabu siku zilizobaki mpaka Misa ya usiku. Hesabu hizi si dhambi. Bwana wetu alipozaliwa malaika walitangaza furaha, wala hatuwezi kumlaumu mzazi anayetaka watoto wake wafurahi siku hiyo. Lakini twawaomba waumini wote, tangu Bukoba hadi Mtwara, tangu Kigoma hadi Pwani, waingize katika hesabu yao mambo mawili yanayosahauliwa mara nyingi: riziki ya mtumishi wa Injili, na riziki ya familia iliyovunjwa na vita. Na ili tusiseme maneno matupu, twawaomba mtusindikize kwa fikra mpaka mahali pamoja kusini kabisa mwa nchi yetu, yaani Mbesa.

MBESA, KARIBU NA MPAKA

Mbesa ni kijiji cha wilaya ya Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea. Wakatoliki wa huko ni wa jimbo la Tunduru-Masasi, lililoundwa mwaka 1986. Nao si wengi. Wenyeji wa Tunduru kwa sehemu kubwa ni Wayao, na dini yao kwa sehemu kubwa ni Uislamu. Mkristu wa huko huishi kati ya majirani Waislamu, akilima nao, akiuguza nao, akizika nao. Mbesa yenyewe yajulikana mbali kwa hospitali yake ya misioni ya ndugu zetu wa Kanisa la Biblia. Kusini hupita mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, mkoa wa Niassa.

Mtu wa mjini aweza kuuliza: Pembe hii ya nchi ina nini cha kutufundisha habari za Noeli? Twajibu kwamba ina mambo mawili. La kwanza, huko mpaka si mstari juu ya ramani, bali ni mto ambao watu wameuvuka mara nyingi, na watoto migongoni, wakiikimbia vita. La pili, huko Noeli haiji wakati wa mavuno. Yaja wakati wa kupanda.

Jambo hili la pili twalitia mkazo, maana ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba, nazo huendelea mpaka Aprili. Desemba ni mwezi wa jembe. Mbegu isiyoingia ardhini katika majuma hayo, bidii ya mwezi Machi haitaifidia. Tena ndio wakati ambapo ghala yaelekea kwisha, kwa kuwa mavuno ya katikati ya mwaka yamekwisha kuliwa kwa nusu na zaidi. Basi Noeli ya kwetu, tofauti na ile inayochorwa kwenye kadi zenye theluji, ni sikukuu ya mkulima mwenye matope miguuni na akiba ndogo nyumbani. Mtu akinyang'anywa majuma matatu ya mwezi huo, hakunyang'anywa sikukuu tu. Amenyang'anywa chakula cha mwaka unaokuja.

Sasa fikirini ni nani wanaoyapoteza majuma hayo. Ni watu wa namna mbili. Mmoja ni katekista. Wa pili ni mkimbizi.

KATEKISTA NA SHAMBA LAKE

Katika parokia za kusini padre mmoja au wawili huhudumia vigango vingi vilivyo mbalimbali, na njia za wakati wa mvua twazijua. Padre hawezi kufika kila kigango kila Dominika. Anayekuwapo siku zote ni katekista. Ndiye aongozaye ibada pasipo padre, ndiye afundishaye wakatekumeni na watoto wa Komunyo ya kwanza, ndiye awatembeleaye wagonjwa na kuwazika wafu. Majilio yakifika kazi yake huongezeka maradufu. Watu wa kuungama yapasa waandaliwe, wa kubatizwa yapasa wapimwe, nyimbo yapasa zifundishwe, ugomvi wa mume na mke yapasa upatanishwe ili wote wawili waweze kukaribia meza ya Bwana.

Na siku hizo hizo mvua imenyesha, na shamba lake lamngoja. Jirani yake hudamka na jembe; yeye hudamka na kitabu cha sala. Mwezi wa Februari mahindi ya jirani yamefika kifuani. Ya katekista yamefika magotini, na palizi bado. Sisi twamsifu kwa kuwa alitufundishia watoto wetu. Lakini mke wake, aijuaye hali ya ghala, hawezi kupika sifa.

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Papa Yohane wa XXIII aliwasifu makatekista katika barua yake ya tarehe 28 Novemba 1959 juu ya misioni. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya misioni ya tarehe 7 Desemba 1965, uliagiza kwamba wale wanaojitoa kabisa kwa kazi hiyo wapate malipo ya haki, waishi maisha yenye heshima. Naye Papa Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, aliweka rasmi huduma ya katekista kuwa mojawapo ya huduma za Kanisa. Maneno yamekwisha kusemwa, tena na wakubwa wetu. Yaliyosalia ni ya kwetu sisi tulio karibu na shamba lenyewe.

VITA HAIKUWASAZA WATUMISHI

Wako wadhanio kwamba mtumishi wa Injili ni mtu wa amani tu, na kwamba vita ni shauri la askari. Historia ya kusini yatukanusha.

Vita ya Majimaji ilipowaka mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa tarehe 14 Agosti huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili, nao wote walikuwa safarini kuelekea Peramiho. Mwezi uliofuata misioni ya Peramiho iliteketezwa. Twawakumbuka mashahidi hao kwa heshima. Lakini haki yatudai tukumbuke na upande wa pili. Jeshi la serikali ya Kijerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji na ghala na kuharibu mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa kwa vita na njaa walifika robo milioni au zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 wa Wangoni walinyongwa Songea siku moja, na wengi wao walibatizwa na padre kabla ya kwenda kwenye kitanzi. Fikirini ilikuwaje Noeli ya mwaka 1905 katika nchi ile: misioni ni majivu, ghala ni majivu, mbegu hakuna, na wanaume wako porini au gerezani. Vita iliwapiga mtumishi na mkulima kwa pigo moja.

Miaka tisa tu baadaye, mwaka 1914, ikaanza vita kuu ya kwanza. Desemba ya mwaka huo Papa Benedikto wa XV aliwaomba wafalme na serikali wasimamishe silaha kwa siku ya Noeli, nao hawakumsikiliza. Vita ikafika hata Ungoni. Wabenediktini wa Kijerumani walikamatwa na Waingereza, kisha wakaondolewa nchini, na fedha zilizokuwa zikitoka Ulaya zikakatika. Nani basi aliyeitunza imani katika miaka ile ya upungufu mkubwa wa mapadre? Ni makatekista na walimu wa vijijini. Waliwakusanya watu Dominika, wakasali nao rozari, wakawafundisha watoto, wakawabatiza wanaokufa. Wamisionari waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta Kanisa lingali hai. Kila Mkatoliki wa kusini leo, awe mkulima au daktari, padre au askofu, ni mjukuu wa kazi ile isiyolipwa.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi 1992, katika kituo cha mafunzo ya makatekista cha Guiúa, jimbo la Inhambane huko Msumbiji, wapiganaji walizikamata familia za makatekista zilizofika hapo kujifunza. Watu zaidi ya 20 waliuawa, wanaume kwa wanawake na watoto. Ilibaki miezi sita na kitu tu mpaka tarehe 4 Oktoba 1992, siku ambayo mapatano ya amani yalitiwa sahihi Roma. Mwaka 2020 misioni ya Nangololo, mojawapo ya misioni kongwe za mkoa wa Cabo Delgado, ilishambuliwa na kuharibiwa. Na tarehe 6 Septemba 2022 huko Chipene, mkoa wa Nampula, aliuawa Sista Maria De Coppi wa shirika la Wakomboni, bibi wa zaidi ya miaka 80, aliyekuwa ameitumikia Msumbiji tangu miaka ya 1960. Guiúa, Nangololo na Chipene vyote viko upande wa pili wa mto tunaouona.

WATU WALIOVUKA MTO

Tusiwasahau wale wasio na cheo chochote. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza tarehe 25 Septemba 1964, nayo ilidumu miaka kumi. Watu wa Niassa na Cabo Delgado waliuvuka mto Ruvuma kwa maelfu. Tanzania, ikiwa ingali changa na maskini, haikuwafukuza. Ilifungua makazi ya wakimbizi Rutamba upande wa Lindi, Muhukuru, Lundo na Mputa upande wa Ruvuma, na kwingineko. Na Tunduru palikuwa na shule ya watoto ya Frelimo. Katika makazi yale wageni hawakulishwa tu. Walipewa ardhi, wakapewa majembe na mbegu, wakalima.

Sisi Waswahili twasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumchokoza mgeni aliyekaa mno. Lakini kusini ilipata maana nyingine, iliyo bora zaidi. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba hapa hutakufa njaa, wala hutakuwa ombaomba. Hapa una mahali pa kusimama na msimu wa kuungoja. Mtu aliyekimbia usiku hana shida ya shuka peke yake. Ana shida ya mwaka mzima. Akifika Desemba bila mbegu, na Januari ikapita bila kupanda, blanketi tuliyompa itamfunika mtu mwenye njaa.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wengi wakarudi kwao. Mara ikazuka vita nyingine, ya ndugu kwa ndugu, tangu 1977 hadi 1992, na mto ukavukwa tena. Kisha mwezi Oktoba 2017 ikaanza vita ya Cabo Delgado huko Mocímboa da Praia, ambayo imewahi kuwaondoa makwao karibu watu milioni moja. Mwishoni mwa Novemba 2021 moto huo uliruka mpaka wilaya ya Mecula mkoani Niassa, inayoelekeana na Tunduru yetu. Vijiji vilichomwa, na maelfu ya watu waliingia Noeli ya mwaka huo wakiwa wamehifadhiwa mbali na nyumba zao. Ulikuwa mwezi wa Desemba. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba yasiyo na mtu.

Hapa yatupasa kusema neno gumu. Oktoba 2020 washambuliaji waliingia Kitaya, mkoani Mtwara, wakawaua watu wa kwetu. Hofu iliyofuata ilikuwa ya haki, na hakuna mwenye akili awezaye kudharau wajibu wa serikali wa kulinda mipaka. Lakini mwaka 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema hadharani kwamba maelfu ya watu waliokimbilia kwetu wakitafuta usalama walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, nalo likaomba jambo hilo likome. Sisi si waamuzi wa mambo ya ulinzi. Twasema tu lile tulilopewa kulisema: mama mwenye mtoto mgongoni si mshambuliaji, yeye ndiye aliyeshambuliwa. Kumlinda raia na kumpokea mkimbizi ni kazi mbili, wala ya kwanza haiifuti ya pili. Taifa lililoweza kuzifanya zote mbili mwaka 1964, likiwa na mali kidogo kuliko leo, haliwezi kusema kwamba haziwezekani.

ZAWADI ILIYOFIKA MAPEMA

Sasa tuitazame Injili yenyewe. Mathayo mtakatifu atuambia kwamba Mamajusi walifika, wakamsujudia Mtoto, wakatoa zawadi zao, kisha wakaenda zao kwa njia nyingine. Mara baada ya hapo Yosefu aliambiwa katika ndoto aondoke, naye akaondoka usiku ule ule, akamchukua Mtoto na Mama yake, akaenda Misri. Angalieni mfuatano wa mambo. Zawadi ilitangulia, safari ikafuata. Yawezekana kabisa dhahabu ile ndiyo iliyowalipia chakula na malazi katika nchi ya ugeni. Laiti Mamajusi wangechelewa siku moja, wangeikuta nyumba tupu, na dhahabu yao isingemfaa mtu.

Papa Pio wa XII, katika waraka wake juu ya wahamiaji wa tarehe 1 Agosti 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano na kinga ya wakimbizi wote wa nyakati zote. Basi tukisimama mbele ya pango la Noeli kanisani, tusidhani kwamba twatazama familia iliyotulia. Twatazama familia ambayo baada ya muda mfupi itaondoka gizani bila kuaga. Anayetaka kuipa kitu hana budi kufanya haraka.

Hiyo ndiyo sababu twasema kwamba sadaka ya Noeli ina msimu wake, kama mbegu. Tumezoea kutoa baada ya kula: tukiona wali umebaki, twamkumbuka maskini, tukiona nguo ya zamani imembana mtoto, twaipeleka misioni. Hayo ni mema, lakini ni makombo. Tena makombo hufika tarehe 26, na mbegu hutakiwa kabla ya tarehe 25. Katekista anayesaidiwa kulima mwezi wa Desemba atakuwa na ghala Julai. Katekista anayepewa mchele mwezi wa Januari atakula siku mbili.

MASINGIZIO YETU

Twajua masingizio, kwa maana nasi twayasikia mioyoni mwetu.

Mmoja husema: Serikali ipo, na mashirika makubwa yapo. Ndiyo, yapo, na tuyaombee yatende haki. Lakini hakuna shirika litakalojua kwamba mke wa katekista wa kigango chako ana mimba ya miezi minane na shamba halijapaliliwa. Hilo walijua wewe, kwa kuwa wapita hapo kila siku.

Mwingine husema: Misioni zilijengwa kwa fedha za Ulaya, waendelee wao. Ndugu, mambo ya mwaka 1914 yalitufundisha kwamba njia ya fedha hizo yaweza kufungwa kwa siku moja. Kanisa linaloishi kwa mkono wa mbali hulala njaa mkono huo ukivunjika. Maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki waliliona hilo, na katika miaka ya 1970 wakaamua kwamba msingi wa Kanisa letu uwe jumuiya ndogondogo. Jumuiya isiyoweza kulima hekari moja ya katekista wake bado haijawa jumuiya. Ni kikundi cha watu wanaosali katika nyumba moja.

Wa tatu husema: Wakimbizi wale wengi wao si wa dini yetu. Twamjibu kwamba Bwana wetu, alipotoa mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, hakututajia majeruhi yule alisali wapi. Pale Mbesa hospitali ya misioni imesimama kati ya watu ambao wengi wao ni Waislamu, na uchungu wa mama anayejifungua hauna dhehebu. Iwapo wenzetu wa Kanisa la Biblia waliweza kujenga hospitali kwa ajili ya majirani wa imani nyingine, sisi hatushindwi kutoa kibaba cha mbegu.

Wa nne husema: Mimi mwenyewe ni maskini. Huyu twamsikiliza kwa upole kuliko wote, maana mara nyingi asema kweli. Lakini wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Asiye na fedha ana mikono, na mwezi wa Desemba mikono ina thamani kuliko fedha. Naye mkulima wa korosho, ambaye minada ya zao lake huendelea katika miezi hii hii ya mwisho wa mwaka, asijifiche katika kundi la maskini siku ya sadaka tu.

TUFANYE NINI?

Twawaomba mambo manne, nayo yote yawezekana.

Kwanza, kila jumuiya ichague siku moja kabla ya Noeli, siku ya mvua njema, waende wote na majembe katika shamba la katekista wao, wanaume kwa wanawake, na vijana. Asiitwe yeye kuja kuwashukuru. Aachwe aendelee kufundisha. Watu 30 kwa asubuhi moja hufanya kazi ambayo yeye angeifanya kwa mwezi. Hii si huruma, ni kurudisha siku zake alizotupa sisi.

Pili, tumkumbuke mjane wa katekista. Mumewe alipokuwa hai tulimwita mama wa kigango. Alipokufa tukamsahau pamoja na daftari la zamani. Paa lake litazamwe kabla ya mvua kubwa, na ada ya mtoto wake ifikiriwe kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Tatu, kila familia, kabla ya kununua nguo za Noeli, itenge fungu la watu wa vita, iliweke mbali katika bahasha au kibuyu, isiliguse. Wenye watoto wanne wanaonunuliwa nguo mpya na wahesabu kana kwamba wana watoto watano. Fungu hilo lipelekwe kwa paroko au katika ofisi ya Caritas ya jimbo, na iandikwe wazi kwamba ni la mbegu na majembe kwa familia zilizokimbia. Wakazi wa miji mikubwa wasio na shamba wala jembe, hii ndiyo njia yao. Na anayeishi karibu na mpaka, ambaye familia ya namna hiyo iko jirani yake, asingoje ofisi. Amwonyeshe mgeni kipande cha ardhi, amwazime jembe, amgawie mbegu za mihogo na kunde. Muhogo huvumilia, nayo kunde huiva upesi.

Nne, tusali, nasi tusali kwa majina ya mahali. Katika Misa ya usiku tuwataje watu wa Niassa na Cabo Delgado, wa Kivu na wa Sudani. Tarehe 26 Desemba Kanisa humkumbuka Stefano shahidi, na tarehe 28 watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Si bure kwamba siku hizi zimewekwa karibu hivyo na pango la Mtoto. Mama Kanisa hataki tuimbe juu ya amani huku tumefumba macho. Watoto wetu wafundishwe kwamba siku tatu baada ya Noeli ni siku ya wenzao waliouawa na wenye silaha, nao wasali kwa ajili ya mtoto wa ng'ambo ya Ruvuma ambaye hawamjui jina.

NENO LA MWISHO

Ndugu wapenzi, hatuwaombi mfute sikukuu. Pikeni, vaeni, imbeni, tembeleaneni. Mungu aliyejifanya mtoto hapendezwi na nyumba zenye huzuni. Twawaomba tu msiruhusu Desemba ipite, na mbegu ya ndugu yenu ikabaki juu ya nchi kavu.

Mwokozi wetu alizaliwa kati ya watu waliokuwa kazini, wachungaji wakilinda makundi yao zamu za usiku. Hawakuambiwa wangoje mpaka wapumzike. Walikwenda kwa haraka, kama walivyokuwa, na harufu ya kazi mwilini mwao. Nasi twende hivyo hivyo, na jembe begani, tupite kwanza shambani kwa yule aliyetufundisha Baba Yetu, kisha kwenye kibanda cha yule aliyevuka mto usiku. Tukifika kanisani na matope miguuni, Mtoto Yesu hatatuuliza kwa nini.

Twawatakia ninyi nyote, na makatekista wetu wote na jamaa zao, na wakimbizi wote popote walipo, Noeli yenye amani na mvua yenye baraka.